Simu za Ijumaa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, japo najua mwenye kuuguza naye ni mgonjwa wa pili. Shemeji hajambo? Watoto je, na yule kitinda mimba anayekataa kuvaa viatu? Mimi mwili unakwenda. Nasema mwili tu, na ukisoma hadi chini utanielewa.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nimempa dereva wa kampuni anayepita huko, nikamsihi aikabidhi mkononi mwako na si kwa mwingine. Sikutaka kukutumia ujumbe kwa sababu simu ya hapo nyumbani hulala chini ya mto wa mama, na watoto humsomea kila kinachoingia. Haya ninayoandika asiyasikie kutoka kinywani mwa mtoto. Tafadhali funga mlango, ukae.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana najua majirani hawakupi nafasi kwa maswali. Ile tuzo nimepata, mwigizaji bora wa mwaka, na hii ni ya tatu. Jaji mkuu alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba sauti yangu peke yake inatosha kumliza mtu aliyefumba macho. Watu wakasimama kupiga makofi. Nikapanda jukwaani, nikaweka mkono kifuani, nikainama, nikashuka bila kutamka neno. Kesho yake magazeti yakasifu unyenyekevu wangu. Unyenyekevu, mimi! Mimi ambaye mama aliniita Cherehani kwa sababu mdomo wangu haukupumzika hata nikiwa natafuna. Wewe hukudanganyika, ndiyo maana uliniuliza kama naumwa.

Uliniuliza pia kuhusu skafu ninayovaa kila picha. Nikakujibu kwamba ni mtindo, na kweli sasa ni mtindo: vijana wanajifunga skafu jua la utosi, wauza nguo wanaziita kwa jina langu. Ukiwa maarufu, hata ukifunga kidonda watu watakuiga.

Ndiyo, dada, ni kidonda. Mwaka jana nilipokuambia nakwenda kupiga filamu milimani ambako hakuna mtandao, nilikuwa nimelazwa. Nilikuwa na saratani ya koo. Daktari wangu, mama mmoja asiyezungusha maneno, aliniambia nichague kati ya sauti na uhai. Nikamwuliza kama hakuna njia ya tatu. Akasema njia ya tatu iko kwenye filamu zangu. Wakakiondoa kisanduku chote cha sauti. Sasa napumua kwa tundu lililo chini ya shingo, lenye mrija ndani yake, na nikitaka maji ya kunywa naandika. Hata kilio changu hakina mlio. Naomba usilie kwa sauti, mama ana masikio makali.

Nilipotoka hospitali, mtayarishaji wetu alinitembelea na maua, na nyuma ya maua alikuwapo Kasuku. Huyu ni mchekeshaji aliyekuwa akiniigiza kwenye harusi, watu wakivunjika mbavu. Mtayarishaji alisema nchi nzima inaningoja, uso wangu bado mzima, na kilichopungua Kasuku atakijaza. Sharti lilikuwa moja, siri isitoke. Basi tukaanza. Mbele ya kamera nachezesha midomo. Baadaye Kasuku anaingia kwenye chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, anatazama midomo yangu kwenye skrini, ananitilia maneno. Hakosei hata kile kikohozi changu kidogo kabla sijasema jambo zito. Siku ya kwanza nilisimama nje ya kioo nikamsikiliza, nikawa kama mtu anayemsikia marehemu wake chumba cha pili.

Kwa hiyo ile tuzo si yangu, au ni nusu yangu. Hilo ningeweza kuishi nalo. Wasanii tunaishi na mengi.

Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimekuficha kubwa kuliko hilo. Unakumbuka macho ya mama yalipozima kabisa, alisema hajali sana, maadamu kila Ijumaa anasikia sauti yangu. Alisema hivyo wiki ileile niliyopewa jibu na daktari. Ningemwambia nini? Kwamba macho yamekwenda na kilichobaki nacho kinakwenda? Sikuweza, dada. Nilijiambia nitasema akizoea giza. Kisha nikamwomba Kasuku.

Anayempigia mama simu kila Ijumaa si mimi. Umekuwa ukiongea na Kasuku, hata ile siku uliyonigombeza kwa kutokuja nyumbani.

Mwanzoni nilikuwa mimi mwenyewe, kwa namna yangu. Tulikuwa tunakaa meza moja, simu katikati, naandika jibu kwenye karatasi naye analisoma. Nilimfundisha yote: jinsi ninavyomtania mama kwamba aliolewa kwa sababu ya mapishi ya bibi, jinsi ninavyoitika akiniita Cherehani, hata ule wimbo wenu wa kunibembeleza niache kuongea nilale. Mkono wangu ni mzito, na mama hapendi kungojeshwa. Kasuku akaanza kujibu kabla sijamaliza mstari. Tena alijibu vizuri! Mama alicheka kuliko alivyocheka nami. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Nikawa nakaa pale na kalamu mkononi, nawasikiliza mama na mwanawe.

Ijumaa iliyopita mama hakucheka. Ulimshikia simu wewe, kwa hiyo uliyasikia. Alisema pumzi zinampungua na hataki kuondoka na deni la maneno. Alisema hana kinyongo nami kwa kukaa mbali, kwamba nimemtunza, kisha akatoa radhi zake zote, za ziwa na za mgongo. Nikaiangusha kalamu. Niligonga meza kwa viganja viwili ili Kasuku anyamaze, ili mama asubiri, sijui ili nini. Kasuku akaninyooshea mkono nitulie. Mimi nisiye na sauti nikaambiwa nitulie! Kisha akasema, kwa sauti yangu, kwamba amepokea. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nakuapia hayakuwa ya kuigiza.

Simu ilipokatika nilimwandikia kwamba radhi zile zilikuwa zangu. Alinijibu bila ukali kwamba amelelewa nyumba hii na ile, akirushwa kama mpira, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama yale sikioni. Nikashindwa hata kumpiga.

Juzi nikapata ujumbe wako unaonishukuru kwa kumpigia mama kila asubuhi. Kila asubuhi, dada? Mimi najua Ijumaa tu. Nilikimbia hadi kwenye kile chumba cha magodoro nikakikuta kimefungwa. Fundi wa sauti aliniambia Kasuku ameomba ruhusa, amesafiri, mama yake ni mahututi.

Kasuku hana mama. Anakuja kwenu.

Tangu hapo sili, silali. Daktari amenikatalia kuanza safari kabla ya kesho, lazima abadilishe mrija kwanza, la sivyo vumbi la barabarani litanimaliza njiani. Kesho akimaliza tu, naondoka. Nitakaa kitandani kwa mama nimshike mkono, na ninaogopa, maana mama haoni, nami siwezi kusema ni mimi. Atanipapasa uso na kuuliza huyu mgeni ni nani. Kule kwenye filamu nimemwachia Kasuku sauti yangu. Naona na mama nimemwachia.

Niliandika karatasi ya kwanza nikikuamuru umfungie Kasuku mlango, umwitie hata polisi. Nimeichana. Wewe utamjua, ni mwembamba, mrefu, na akifungua kinywa utadhani ni mimi. Mwambie mama ukweli ukiona ana nguvu ya kuusikia, uweke kiganja chake kooni pangu nikifika. Ukiona hana nguvu, usimwambie.

Na kama nitachelewa, dada, kama Kasuku atatangulia kufika na saa ya mama ikawadia, mama akaanza kuniita, nakuomba umfungulie Kasuku aingie. Mkalishe karibu na mto. Mama akiita Cherehani, mwache aitike.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na uwaambie majirani sijambo. Nisamehe kwa uzito niliokutwisha juu ya ule ulionao. Mungu akutie nguvu mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
huu ni mwandiko wangu mwenyewe.