Mposaji Wangu na Dreva ya Kipima Muda

Bi Mwanapili, assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Tibirinzi, nina furaha na hofu kwa pamoja, nisaidie mawazo. Miye nafundisha kompyuta skuli, na jioni najitolea na wenzangu wa nchi mbalimbali kukagua programu za kerneli, ule moyo wa mfumo endeshi unaoiwezesha kompyuta kuongea na vifaa vyake, na fungu langu ni vipima muda, vile vifaa vinavyoihesabia mashine wakati. Sasa kijana wa Konde, Abdulnasir, akatuletea dreva ya kipima muda, yaani programu ya kukiendesha, nikafurahi mno kumwona Mpemba mwenzangu, lakini taarifa za ndani za dreva alizitia zote mahali pamoja, kwa hivyo ukiweka vipima muda viwili kwenye mashine moja, cha pili kinafuta taarifa za cha kwanza. Nikamwandikia, wote wakisoma, kwamba kila kipima muda kibebe taarifa zake chenyewe. Akashukuru, akaandika upya, nikamrudishia tena, akashukuru tena, hata nikawa nazisubiri barua zake, Mungu anisamehe.

Basi juzi ikaja posa nyumbani, wazee wako barazani wanakunywa kahawa, mama akaninong'oneza jina la mposaji, nusura niangushe sinia. Ni yeye. Kule mtandaoni natumia R. Msellem tu, sidhani kama anajua ni miye. Na toleo lake jipya limefika, zuri kweli, ila taarifa moja, ile ya kasi ya saa, bado ameiacha ya pamoja. Mama anasema nilipitishe tu, mwanamume hapendi kusahihishwa na mchumba. Nikilipitisha, mashine za watu zitakosea, na nikilikataa, nitakuwa nimemwaibisha mbele ya dunia mtu ninayetaka kumkubali. Nifanyeje?

Ruweida

Ruweida mwanangu, waalaykumu salaam. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikakukasirikia kidogo. Unataka kuianza ndoa kwa kumwambia mume kazi yake imetimia, na wewe unajua haijatimia? Mama yako nampa heshima zake, lakini hapa amekosea. Mtu umemrudishia kazi mara mbili na mara zote mbili akakushukuru, unamwogopea nini? Kwa kuwa posa haiwezi kulisubiri gazeti, nilikupigia simu nikakwambia umrudishie kwa adabu ileile, na chini uandike jina lako lote.

Wasomaji wangu wajue yaliyofuata. Leo asubuhi Ruweida amenipigia kwa furaha. Alifanya nilivyomwambia, na Abdulnasir akamjibu pembeni, wao wawili tu: "Nilikujua tangu barua yako ya kwanza. Dada yangu Yumna anafundisha na wewe. Ndiyo nikamwambia baba twende tukapose, nimempata mtu asiyenificha kosa langu."

Haya mwanangu, usijitie kufikiri tena. Mwambie baba yako apeleke jibu Konde wiki hii, na mama umweleze mwenyewe, kwa upole, atacheka. Toleo linalokuja la dreva usilikague wewe, mpe mkaguzi mwingine na umwambie wazi sababu: anayeomba kupitishwa ni mchumba wako.