Wavu wa chini ya pantoni

Shoga, kesho kanisani nitaingia na uso gani?

Ule wavu niliofunga chini ya pantoni yetu kuzuia magugu, ndio umeyakusanya yote! Tumekwama katikati ya ziwa na kwaya nzima. Kwaya nzima, shoga!

Mchungaji kavua viatu, kazama kuyang'oa kwa mikono. Kaibuka na magugu kichwani.

Wifi yangu naye, mbele ya watu: "Wifi, ndotoni Mungu alikuonyesha wavu tu? Mpiga mbizi hakukuonyesha?"

Wamecheka mpaka pantoni ikatikisika.

Na ndoto yenyewe sikuota. Nilichoka kumsubiri fundi, nikaamua kufunga wavu mwenyewe, nikamsingizia Mungu ili wanangu wasinibishie.

Mchungaji, nguo zinamchuruzika maji, kanitetea: "Msimcheke. Mama huyu ana imani."

Nami nikaitikia amina.