Shikamoo Kwenye Gurudumu la Tanga

Mjukuu wangu Neema,

Huku Endasak hatujambo. Maharage tumevuna, na babu yako bado anagombana na kuku. Umeniuliza kama unaweza kumkatiza mkubwa wako kazini akikosea.

Nikiwa msichana, shangazi alitupeleka Tanga, kwenye uwanja wa michezo ya watoto kando ya bahari. Nilipanda na mdogo wangu Daudi gurudumu kubwa la viti, lile linalozunguka likikupandisha juu na kukushusha. Tulipokaribia juu, mnyororo wa kutuzuia kitini ukafunguka. Daudi akaanza kuteleza. Nikamkamata shati.

Aliyeendesha gurudumu kule chini alikuwa mzee, na kwetu humwambii mkubwa neno kabla ya salamu. Tulipopita karibu naye nikasema, "Shikamoo, mzee!" Akajibu akitabasamu, "Marahaba, mwanangu!" Kabla sijaongeza neno, tukawa juu tena. Mzunguko wa pili ikawa vilevile. Shati likaanza kuchanika mkononi mwangu.

Mzunguko wa tatu nikapiga kelele: "Simamisha!"

Akasimamisha.

Nilishuka na Daudi, nikamwambia kwa aibu, "Shikamoo, mzee."

Akautazama mnyororo, kisha akamtazama Daudi.

"Marahaba," akasema taratibu. "Lakini salamu ingesubiri, mwanangu."

Bibi yako