Mwisho Nilioutunga Mwenyewe

Harlem, Jumatano

Dada Earnestine,

Salamu nyingi kama nywele zinazoanguka sakafuni kwangu siku ya Jumamosi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Carolina? Waambie wanao mjomba wao yu mzima, na Harlem nzima bado hakuna mkono unaochonga ndevu kama huu wangu.

Ile tamthilia ya shujaa anayesimamisha treni kwa kifua ilirekodiwa mtaani kwetu, na sasa inaonyeshwa kwenye runinga. Na mimi nimo. Tazama vizuri kipindi cha pili: kiwiko kinachopita dirishani ni changu. Mwongozaji mwenyewe alisema hajapata kuona kiwiko kama kile.

Lakini anayevimba ni nani? Thaddeus Gaines, yule mwenye meza ya vitabu mbele ya duka langu la kinyozi! Shujaa huyo kila kipindi lazima asome kitabu cha watu wetu weusi huku anakula, na vitabu vyote vilitoka mezani kwa Thaddeus. Wateja wangu sasa wanaacha kiti, povu shavuni, waende kumsikiliza akisoma. Dada, nilimwombea mvua. Ikanyesha, naye akaingia na vitabu vyake dukani kwangu.

Jumamosi tukawa tunatazama pamoja. Shujaa akafungua kitabu cha mwanamke aliyetoka Georgia kwa miguu, amebeba mlango wa nyumba yao iliyochomwa. Thaddeus akasema hicho kimetoka mezani kwake. Nikasema hicho nimekisoma mara tatu. Bibi Odessa Pruitt, mwenye ulimi kama wembe, akanigeukia: "Wewe Lucious? Wewe hata menyu unasomewa! Haya, kinaishaje?"

Nikaweka mkasi chini. Nikawaambia anafika Harlem, anausimika mlango katikati ya barabara, magari yanasimama, anabisha hodi, na anayemfungulia ni marehemu mama yake, mwiko wa uji mkononi, anamwuliza mbona amechelewa. Odessa alilia hadi kofia ikaanguka. Thaddeus, anayeujua mwisho wa kweli, akainama akaiokota.

Ole wangu! Jumatatu watu wakazimaliza nakala zote mezani kwake kwa ajili ya mwisho wangu. Mwisho wa mwezi wanakutana hapa dukani, wamesoma, na kinywa cha kwanza kuulizwa ni changu.

Jana Thaddeus akaniletea nakala moja aliyoificha. Nikangoja dhihaka. Akasema tu, "Kaka, wako mtamu zaidi. Lakini usome na wa mwandishi mwenyewe, kabla Odessa hajaufikia." Afadhali angenitukana.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Barua naandika, bili nasoma, lakini kitabu kizima sijapata kumaliza tangu nilipoacha shule darasa la sita. Vitabu ulivyonitumia kila Krismasi, nikakujibu vimenoga, vipo sandukuni, havijafunguliwa. Na siyo runinga ninayomwonea wivu Thaddeus. Akisoma, watu wanamtazama kama nilivyokuwa nikikutazama wewe jikoni kwa mama, ukinisomea huku unakaanga samaki.

Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Maktaba ya huko kwenu wanacho, nimeuliza. Ukipata barua hii nipigie simu kila siku saa sita mchana, nikifunga duka kidogo, unisomee. Usinipe mwisho kwanza. Anzia mwanzo, polepole. Mimi nitafuata kwa kidole.

Na tukifika mwisho, ukiwa haufikii wangu, niambie kweli.

Wabusu watoto, na goti ulikande kwa mafuta ya moto.

Mdogo wako,
Lucious, mwenye kiwiko