Tiba ya Kusemeshwa

Dar es Salaam,
4 Machi 1991

Mwanangu Dafroza,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi nilifika, na hii ni wiki ya tatu niko wodini. Treni ilinivunja mgongo, na sauti bado inakwaruza. Daktari amethibitisha: ni kansa ya koo.

Kuna jambo hapa linaniudhi. Sista Immaculata, mtawa kijana, huja wodini kila Jumanne kutusemesha sisi wenye kansa. Ni tiba, wanasema. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Anavuta kiti na kuniuliza, “Mzee Apolinary, moyoni unasikiaje?” Nikamjibu nasikia njaa. Akaitikia kwa kichwa kama vile nimetamka jambo kubwa.

Kwetu mtu akija kumwona mgonjwa huja na kahawa ya kutafuna, mkaongea habari za migomba na za ng’ombe wa jirani, ugonjwa ukapumzika kidogo. Huyu huja mikono mitupu na kuufukua. Jumanne iliyopita kaniuliza naogopa nini. Na mvi hizi nimwambie mtoto wa watu ninachoogopa!

Kahawa umeipogoa? Na mdogo wangu Mutalemwa, ameacha kukipima kwa macho kibanja chetu, shamba la jasho langu?

Baba yako,
Apolinary


Nyakatuntu, Karagwe,
30 Machi 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri.

Barua yako imenitia homa. Tafadhali, usilitaje tena jina la huo ugonjwa. Sema koo, nitaelewa. Na huyo sista mwambie aache. Mtu akiulizwa kila wiki anachoogopa, mwisho hicho kitu kitasikia kinaitwa, kije. Utapona tu.

Baba mdogo Mutalemwa alipita, akakata mikungu miwili bila hodi. Nilipouliza akasema, “Mwanamke aliyerudi kutoka kwa mume ni mgeni hapa.” Ukirudi utasema naye wewe.

Mwanao,
Dafroza


Dar es Salaam,
21 Aprili 1991

Mwanangu Dafroza,

Habari za siku? Naandika nimekasirika, nivumilie.

Daktari anataka kunipasua na kuliondoa koromeo. Nikikubali, huenda nikaishi miaka, ila sauti haitarudi. Nikikataa, nitasema miezi michache, halafu basi. Unauona mtego? Kwetu mtu huaga kwa kinywa chake, nduguze wakisikia: huyu apewe hiki, huyu asiguswe. Nikiandika, Mutalemwa atasema karatasi umeitunga wewe. Nataka nije niseme kibanja ni chako, ningali na sauti.

Hayo nilimwambia sista. Alinisikiliza mpaka nikayatoa yote, nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Nilichoka kama niliyelima kutwa, na nafuu sikuiona. Kumwambia yeye kuna faida gani? Yeye si ukoo. Wewe ndiye ninayetaka kuongea naye, nawe unaniambia niseme koo.

Nipasuliwe au nije? Jibu hilo. Usiniandikie “utapona”.

Baba yako,
Apolinary


Dar es Salaam,
9 Juni 1991

Dafroza,

Hujambo? Jibu sijalipata. Daktari ananiuliza, sista ananiuliza, nami nakuuliza wewe, nawe umeufumba mdomo. Mwalimu mmoja wa Iringa, kitanda cha pili, anasema sista amemrudishia usingizi. Mimi amenifungua mdomo tu, kisha sina wa kuongea naye. Hiyo ni tiba gani?

Baba yako


Nyakatuntu,
23 Juni 1991

Baba,

Shikamoo. Barua zako zote nimezipata. Kila nikishika kalamu niliona nikikujibu nitakuwa nimekubali ufe.

Haya basi: una kansa. Utakufa, mwaka huu au mwingine. Nimeandika, na nyumba haijaanguka.

Nilikwenda kwa baba zangu wadogo nikawaambia waziwazi kwamba unakufa na kibanja umesema ni changu. Mutalemwa akanifokea mbele ya wote, eti namzika baba yangu akiwa hai kwa tamaa ya ardhi. Nimechoka nao, Baba! Hata uje useme mpaka koo likauke, ukishafukiwa watasema ulisema mengine. Usiiuze shingo yako kwa migomba ambayo hawatanipa. Kubali kupasuliwa. Nataka baba bubu kuliko kibanja.

Mwanao,
Dafroza


Dar es Salaam,
4 Agosti 1991

Mwanangu Dafroza,

Salamu. Nimeshapasuliwa. Kidonda kinakauka. Napumua kwa tundu shingoni, usishtuke ukiliona.

Siku moja kabla, sista alikuja na kiti chake. Nilimwambia leo Kiswahili sitaki. Nikasema kwa Kinyambo chetu. Nilimtukana Mutalemwa, nikamlilia marehemu mama yako, kisha nikaaga kama anavyoaga mtu, kila mgomba na kila mti wa kahawa nikakupa wewe. Hakuelewa neno, na hakunikatiza. Bado inanikera kwamba sauti yangu ya mwisho imekwenda kwa mtu asiyekijua Kinyambo. Lakini aliyekuwepo ni yeye.

Ukoo haukusikia. Basi nakuja. Nikifika, niwekee kiti mlangoni, kisha umwite Mutalemwa aseme mbele yangu kwamba wewe ni mgeni. Kumjibu sitaweza. Ila atakuwa anamwambia mwenye kibanja, tena akiwa hai, na akitaka kukutoa hapo atanitoa mimi kwanza.

Baba yako,
Apolinary