Papa, Ningekuacha Umalize Wale Samaki

Papa, baba yangu mpendwa,

Najua huko uliko barua haifiki. Lakini hili neno ninalo tangu tulipokuzika hapa kambini Dzaleka, na sina pengine pa kulipeleka.

Unakumbuka ile hoteli ndogo ya Salima, kando ya ziwa? Nilikuwa nimelipwa kwa kushona sare za kwaya nzima ya mtaa wa Kawale, nikasema safari hii Papa atapumzika kama mkubwa wa serikali kule Capital Hill. Tukapata ruhusa ya kutoka kambini siku tatu. Vyumba vitano tu: baba anapokea wageni, mama anapika, binti yao anatandika vitanda. Ulipoliona ziwa ulivua viatu. "Ee Mungu, inafanana na ya kwetu Uvira!" Nikajiona mtoto mwema kweli.

Asubuhi ya pili nikaamka, we hauko. Nikakukuta nyuma ya jikoni, suruali umeikunja hadi magotini, mnapara samaki, wale wa ziwani wanaoitwa chambo, na mama mwenye hoteli. Yeye anaongea Chichewa, we unajibu Kiswahili, na mnaelewana! Uwanja ulikuwa umeshafagiliwa, wala sikuuliza nani kafagia. Na ulikuwa unapiga mluzi, Papa. Miaka yote ya kambini sikuwahi kukusikia ukipiga mluzi.

Wageni wawili kutoka Lilongwe walikuwa wanakunywa chai, wanatutazama. Aibu ikanipanda.

"Papa, acha! Hapa tumelipa. We si boyi wa batu!"

"Mwanangu, nimelala kwa batu, nimekula kwa batu. Nitakaa tu mikono mitupu?"

"Hiyo njo hoteli, Papa! Mugeni anakaa."

Kwako we, nyumba yenye baba, mama na mtoto haiwezi kuwa hoteli. Ni kwa watu, na kwa watu mtu anasaidia. Hukubishana. Ulinawa, ukamwambia yule mama zikomo, asante ya kwao, ukaenda kukaa. Siku iliyobaki ulikaa mikono mapajani, kama unangoja jina lako liitwe kwenye ofisi ya kambi. Nikakuletea soda, ukasema merci, basi.

Mwezi uliopita nilirudi kule. Yule mama hata hakunisalimu vizuri, aliuliza kwanza mzee yuko wapi. Akasema wageni wanakuja na kwenda, ila hajapata mwingine wa kuketi naye jikoni. Nikamdanganya kwamba unapumzika nyumbani. Ulimi ulikataa kusema umekufa.

Sasa nikuambie ukweli, maana pale nilisingizia pesa. Sikuona aibu ya samaki. Niliogopa wale wa Lilongwe wasije wakajua kwamba sisi ni wakimbizi. Mi mjinga, Papa! Wao walikuwa wanakunywa chai yao tu.

Nisamehe. Asubuhi ile we ulikuwa umefika nyumbani, na mi, mtoto wako wa kuzaa, njo nilikurudisha kambini.

Lala salama.

Ni mi, binti yako wa kwanza