Kikombe cha Pili cha Rubani

Jumamosi, 20 Desemba

Miguu imevimba. Mashuka, mashuka, mashuka. Hoteli zote zimeamua wageni wao walale safi kabla ya mwaka kuisha, na hapa londri wa kupiga pasi tuko watatu tu. Mvuke umeniingia mpaka masikioni.

Ila — tangazo la kipindi cha sikukuu limetoka!!! Nimeliangalia chooni, simu mkononi, mgongo nimeuegemeza mlangoni asiingie mtu. Mzingo wa Tisa, kipindi maalumu, mkesha wa mwaka mpya, saa moja jioni. Chombo cha angani kinaelea. Nahodha yuko mezani peke yake, nyuma yake dirisha limejaa nyota. Halafu giza. Basi! Wanatutesa hawa watu.

Grupu letu la mashabiki limewaka moto. Swali ni lile lile tangu msimu uishe: Rubani atarudi? Aligombana na Nahodha, akatoka na kile chombo kidogo, redio ikanyamaza. Kinyozi anasema kafa huyo, tuzike tuendelee na maisha. Mwalimu anasema hapana, hawawezi kutuvunja moyo siku ya sikukuu. Kinyozi: "Mwalimu, wewe hata Nahodha akipiga chafya unalia."

Dada kasoma meseji zote. Nimeangalia, jina lake lipo kwenye waliosoma. Hajaandika kitu. Tangu ahame, hajaandika hata neno, si kwenye grupu, si kwangu.

Jumatatu, 22 Desemba

NIMEGUNDUA! Nilisimamisha picha pale Nahodha anapogeuka. Mezani kuna vikombe viwili! Mtu yuko peke yake, cha pili cha nani? Cha Rubani! Anamsubiri! Anarudi!

Nimeandika maelezo marefu, na picha nimezungushia duara jekundu. Mwalimu katuma sauti, kwikwi tupu. Kinyozi: "Mpiga pasi kageuka mpelelezi." Wivu huo.

Nyumbani nikamwambia mama. Mama anajifanya haangalii "hao watu wako wa angani". Alikuwa anapinda suruali ya mtu, mguu kwenye pedeli ya cherehani. Bila kuinua macho akasema, "Arudi wapi, na yule mwingine hajajirekebisha." Nikasema mwingine yupi, mama? "Shika uzi huu."

Acha niandike hapa, maana pengine siwezi kusema. Mimi Rubani simjali kiasi hicho. Namtaka dada. Kila mwaka kipindi cha sikukuu tunaangalia watatu. Dada anahesabu kinyume chombo kinaporuka, kumi mpaka sifuri, na mama anafunika cherehani mapema, siku hiyo moja tu mwaka mzima. Mwaka huu dada yuko mji mwingine, anapanda mapaa ya watu kufunga umeme wa jua. Anaipenda kazi yake. Sasa kabla hajahama, mama akamtangazia mteja, dada mwenyewe amesimama pale pale, "Kuanzia mwakani duka la kushona ni la binti yangu huyu." Dada ndio kwanza anasikia! Kesho yake akafungasha. Pale mlangoni akaniambia, "Mama haulizi. Mama anatangaza."

Jumanne, 23 Desemba

DADA KAANDIKA!!!

Kwenye grupu, mbele ya watu wote: "Kikombe ni kimoja. Hicho kingine ni kivuli chake kwenye kioo cha dirisha, ndio maana kishikio kimegeukia upande wa pili. Wewe mtoto, macho umeyapiga pasi?"

Nilisoma pasi iko mkononi. Nikaunguza foronya. Msimamizi kafoka mpaka mate yananirukia. Foka tu, bosi! Kinyozi kanicheka kwenye grupu siku nzima. Nimeumbuka mbele ya kila mtu na nina furaha kama mwehu.

Nikamwandikia pembeni: Shikamoo dada. Unakuja tarehe 31?

Kasoma. Kimya.

Ijumaa, 26 Desemba

Mabega yanauma, lakini nina mbinu. Dada anavumilia kila kitu isipokuwa upuuzi kuhusu Mzingo wa Tisa. Basi naandika upuuzi!

Nikaandika kwamba Rubani ni roboti tangu mwanzo. Hata chai sijaimeza — dada: "Roboti gani anaugua mafua msimu wa pili?" Nikaandika kile chombo kidogo kina mafuta ya mwaka mzima. Dada: "Ni betri! BETRI! Hivi miaka yote ulikuwa unaangalia nini?"

Ile sauti yake kabisa. Kama yuko kwenye kona yake ya kochi, miguu juu.

Heshima yangu grupuni imekwisha. Kinyozi anasema mvuke umenipanda kichwani. Mwalimu kanijia pembeni kwa upole, eti mwanangu, unalala vizuri? Sawa tu. Lakini nikichomeka cha nyumbani — nimeandika mama kabadilisha kitambaa cha kochi — dada anapotea. Kama ile redio.

Jumapili, 28 Desemba

Kazi hata Jumapili. Nimesinzia na viatu. Nimeamka simu iko mkononi mwa mama.

"Anakufokea vizuri," kasema.

Nikamwambia mama, mpigie basi. Akarudisha simu. "Mwambie arudi nyumbani. Chumba chake kipo."

Nikaituma kauli yake kama ilivyo. Mjinga mimi! Dada kanijibu pembeni, mara ya kwanza tangu aondoke: "Umeona? Amri nyingine."

Sina nguvu ya kuandika.

Jumatano, 31 Desemba

Tumeachiwa mapema. Nimefika — cherehani imefunikwa! Mama kavaa lile gauni la kutokea, kakaa, anatazama TV iliyozimwa. Nikataka kukaa kona ya dada. Mama akanitazama. Nikahama.

Dada hajaja.

Saa moja. Chombo kikaanza kutetemeka, na wa kuhesabu hayupo. Nikaanza mimi, "kumi", nikatazama ile kona tupu. Mama akaendelea. Tisa, nane, mpaka sifuri, macho mbele, kama anahesabu vifungo. Kumbe naye anaijua hesabu ya dada.

Kikombe kimoja. Kimoja tu! Dada alikuwa sahihi.

Halafu Nahodha kashika redio. Kafungua mdomo — MATANGAZO!!! Naandika hapa hapa kabla hayajaisha. Grupu linapiga kelele. Kinyozi: "Atamwamuru Rubani arudi, namjua." Mwalimu anasema moyo wake hauhimili. Na dada: "Akiamuru, nazima TV."

Mama kasoma juu ya bega langu. Tangazo la sabuni. Tangazo la magodoro.

"Mwandikie dada yako," kasema.

Nikachoka ghafla, uchovu wa mwezi mzima. Nimwambie nini tena, mama?

"Usimwambie. Muulize."

Nikadhani sijasikia. Nimuulize nini?

Kanyoosha kitambaa cha cherehani, nacho kimenyooka tayari. Kanyoosha tena. "Subiri. Subiri kidogo, natafuta maneno."

Muziki wa kipindi umerudi, Nahodha yuko pale na redio yake, na mama haangalii TV, anaangalia simu —